Kabureta Iliyotumika kama Hati ya Historia: Utambuzi na Upimaji wa Kipuri katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Utangulizi

Historia ya Geita imeandikwa zaidi kwa kipimo cha wakia. Inafahamika kuwa dhahabu ilitambuliwa katika eneo hilo wakati wa utawala wa Wajerumani, kuwa mgodi wa enzi ya Waingereza ulifungwa mwaka 1966, kuwa mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000, na kuwa Geita, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ilifanywa mkoa mwaka 2012. Kati ya kufungwa kwa mgodi mmoja na kufunguliwa kwa mwingine kuna miaka 34 ambayo maandishi yake ni machache. Hata hivyo, miaka hiyo haikuwa mitupu. Pamba ililimwa na kusafirishwa. Wachimbaji wadogo waliingia mashimoni Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, na maji, magogo ya kuegemeza kuta za mashimo, unga na watu vilifika huko kwa magari, ambayo mengi kati ya yale madogo yalitumia petroli.

Makala haya yanachukua kipuri kimoja cha magari hayo, yaani kabureta, na kukisoma kama mwanahistoria anavyosoma hati. Hoja yake ni kwamba kazi ya fundi wa gereji ya kutambua kabureta iliyotumika na kuipima kama inafaa injini fulani haikuwa kubahatisha, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali ilikuwa elimu ya upimaji iliyozaliwa na uhaba wa kihistoria unaoweza kutajwa kwa miaka yake. Aidha, elimu hiyo imeacha alama katika vyuma vyenyewe. Wataalamu waliochunguza mafundi wa Afrika Mashariki, akiwemo Kenneth King katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika nchini Kenya, waliwatazama zaidi kama watu wanaotengeneza bidhaa. Upande wa fundi anayetambua bidhaa iliyotengenezwa na mwingine, mbali, kwa ajili ya injini nyingine, haujapewa uzito unaostahili.

Eneo linalozingatiwa ni Kalangalala, kata iliyo ndani ya mji wa Geita. Katika mji wa namna hiyo, kabureta haikufika ikiwa ndani ya boksi lenye maelezo. Ilifika ikiwa ndani ya gunia pamoja na pampu za mafuta, alteneta na visahani vya klachi, na swali la kwanza lilikuwa: hii ni ya gari gani?

Magari yaliyotangulia

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya mashine za upande wa kusini na magharibi wa ziwa zilipitia hapo, kisha zikavushwa kwa kivuko kuelekea Sengerema na Geita. Katika miaka ya 1950 ushirika wa pamba ndio uliokuwa mwajiri mkubwa wa malori. Shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria, lililoundwa mwaka 1955, lilikusanya pamba ya Usukuma nzima, Geita ikiwamo. Serikali kwa upande wake ilitumia Land Rover. Wafanyabiashara walipenda Peugeot 404, hasa ile ya pikapu, na sifa yake haikutokana na matangazo pekee. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Peugeot 404 mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mwaka 1970 Datsun ilianza kuchukua ushindi huo, na pikapu za Kijapani zikafuata barabara ileile.

Kila kundi la magari lilikuja na kabureta za aina yake. Land Rover ya petroli yenye injini ya ujazo wa sentimita za ujazo 2,286 ilifungwa kwanza Solex, kampuni ya Ufaransa, kisha ikafungwa Zenith. Peugeot 404 ilitumia Solex. Datsun ilikuja na Hitachi na Toyota ikaja na Aisan. Hivyo fundi aliyefanya kazi kwa miaka 20 katika mji mmoja alishika mikononi mwake desturi tatu au nne za uhandisi, kila moja ikiwa na namna yake ya kuandika namba.

Mpaka uliofungwa

Uhaba wa vipuri ulikuja kwa hatua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliwekwa hatua kwa hatua chini ya mashirika ya umma, na kwa upande wa magari jukumu hilo likawa la State Motor Corporation. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Kisha, mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Kwa mji wa Kanda ya Ziwa, kufungwa huko kulikuwa na maana kubwa kuliko kwa Dar es Salaam yenye bandari. Kisumu iko ng'ambo ya ziwa hilohilo, na Nairobi, pamoja na maduka yake ya vipuri, ni karibu na Mwanza kuliko ilivyo Dar es Salaam. Njia hiyo ilipokatika, vipuri vikabaki kuja kwa reli ndefu kutoka pwani au kwa magendo. Mwaka uliofuata ikaja vita ya Kagera, na magari ya raia na ya mashirika yakachukuliwa kupeleka askari na mizigo kaskazini-magharibi. Yaliyorudi yalirudi yamechoka. Bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979. Kufikia mwaka 1983, serikali ilipoanzisha msako dhidi ya waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi, kuwa na shehena ya bidhaa adimu bila karatasi lilikuwa jambo la kumtia mtu hofu.

Katika hali hiyo, kabureta mpya ilihitaji leseni ya kuagiza na fedha za kigeni. Kabureta iliyotumika ilihitaji macho. Hapo ndipo utambuzi ulipoacha kuwa kazi ndogo ya pembeni na kuwa kiini cha ufundi wenyewe. Land Rover iliyokufa nyuma ya ghala la pamba ikawa stoo, na Peugeot iliyogongwa ikagawanywa kama ng'ombe wa karamu.

Namba ya nje na kipimo cha ndani

Ili kuonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa upimaji wa kweli, ni lazima kuingia ndani ya kabureta yenyewe. Hewa inayovutwa na pistoni hupita katika koo jembamba. Inapobanwa hapo huongeza mwendo, msukumo wake hupungua, na upungufu huo huvuta petroli kutoka kwenye chemba kupitia tundu dogo la jeti. Chini ya koo kuna kibati cha duara kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Kwa hiyo kuna vipimo vitatu tofauti: upana wa sehemu ya kibati, upana wa koo, na upana wa tundu la jeti. Asiyejua huuliza kimoja tu.

Namba inayosomeka kwa urahisi katika kabureta za Ulaya ni ile ya kwanza. Solex ya Land Rover iliitwa 40, na Zenith iliyoifuata iliitwa 36; hizo ni milimita za upana wa sehemu ya kibati. Kwa kutazama namba hizo pekee mtu angedhani kuwa Solex inapitisha hewa kwa karibu robo zaidi, kwa kuwa eneo la duara la milimita 40 linazidi lile la milimita 36 kwa asilimia 23. Lakini koo la Solex hiyo ni milimita 28 na la Zenith ni milimita 27. Tofauti ya eneo hapo ni takriban asilimia 7 tu, nayo yaelekeza injini ileile. Fundi aliyepima koo kwa veniakalipa, au kwa kuingiza ncha ya keekee yenye upana unaojulikana, aliona jambo ambalo namba ya nje ililificha.

Hesabu ya mahitaji ya injini nayo si ngumu. Injini ya mipigo minne hujaza ujazo wake wote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Injini ya Land Rover ya lita 2.286 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika huhitaji, kwa nadharia, lita 4,572 za hewa kwa dakika. Kwa kuwa silinda hazijai kikamilifu, asilimia 80 ya kiasi hicho, yaani takriban lita 3,660, ni kadirio linalofaa. Sasa tuchukue Peugeot 404 yenye lita 1.618. Ni injini ndogo zaidi kwa karibu theluthi moja. Lakini huzunguka haraka zaidi, na ikifika mizunguko 5,400 huhitaji kwa nadharia lita 4,369. Tofauti kati ya injini hizo mbili, ambazo kwa jina hazifanani kabisa, haifiki asilimia 5.

Hapa ndipo tunapopata maelezo ya mazoea ambayo msomaji wa vitabu vya mwongozo angeyaita uholela. Kuhamisha Solex ya Peugeot kwenda kwenye Land Rover kulihitaji kibati cha kuunganisha, kwa kuwa nafasi za boliti hazilingani, na kulihitaji kupinda fimbo ya kukanyagia mafuta. Kwa upande wa hewa, hata hivyo, ulikuwa uamuzi wenye mantiki. Sitaki kudai kwamba kila fundi alifanya hesabu hiyo kwa kalamu. Wengi walifika hapo kwa kusikiliza injini inavyopanda mlima ikiwa na mzigo. Lakini njia ya kufikia jibu haiondoi ukweli wa jibu.

Kwa magari ya Kijapani, utambuzi ulifuata njia nyingine. Namba za kabureta kamili za Toyota huanza na 21100, na za Nissan huanza na 16010. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotaja injini na gari. Ikiwa kibati cha namba kimeng'oka, na mara nyingi huwa kimeng'oka, fundi hurudi kwenye umbo. Nyingi ya kabureta hizo zina makoo mawili, dogo linalofanya kazi mwanzo na kubwa linalofunguka baadaye, ama kwa mkono wa chuma ama kwa mvuto wa hewa kupitia kikombe chenye mpira mwembamba. Mpira huo ukipasuka koo la pili halifunguki, na gari hukosa nguvu mlimani ingawa kwenye tambarare linakwenda vizuri. Kabureta nzuri nyingi zimetupwa kwa kosa la mpira huo.

Jeti nazo zina mtego wake. Katika Solex, namba 125 juu ya jeti humaanisha tundu la milimita 1.25. Katika aina fulani za jeti za Mikuni, namba hutaja kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika. Hivyo 125 ya kampuni moja si 125 ya nyingine, na aliyehamisha jeti kwa kufuata namba bila kupima tundu aliharibu kazi.

Mwinuko, waya na moshi mweusi

Kuna jambo moja la Geita ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havikulitilia maanani. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Geita uko juu zaidi. Tukichukua mita 1,200 kama kadirio la chini, hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11. Kabureta haijui jambo hilo. Huendelea kumimina mafuta karibu kama ilivyozoea, na mchanganyiko huwa mzito kwa takriban asilimia 6. Kabureta iliyokuwa nzuri Dar es Salaam huanza kutoa moshi mweusi Geita na kuacha masizi kwenye plagi, bila kuwa na ubovu wowote.

Juu ya hilo uliongezeka waya. Petroli yenye uchafu huziba jeti, na njia ya haraka ya kuizibua ni kuingiza waya mwembamba. Jeti ni ya shaba ya njano, laini kuliko chuma cha waya. Kila mara inapokwanguliwa, tundu hukua. Tundu la milimita 1.25 likifika 1.30, tofauti ambayo jicho haliioni, eneo lake huongezeka kwa asilimia 8. Tukijumlisha na asilimia 6 ya mwinuko tunapata gari linalokula mafuta kwa asilimia 14 zaidi ya ilivyokusudiwa, katika miaka ambayo petroli ilikuwa adimu kuliko fedha za kuinunulia. Nadhani sehemu ya sifa mbaya ya Land Rover za zamani kuhusu ulaji wa mafuta katika Kanda ya Ziwa inatoka hapa, na si kwenye injini.

Dawa iliyotumiwa na mafundi ni kuziba tundu kwa lehemu na kulitoboa upya kwa kipimo kidogo zaidi. Kwa mtazamaji wa nje, huo ni uchakachuaji wa kipuri cha asili. Kwa hesabu iliyotolewa hapo juu, ni kurekebisha kosa mara mbili: la waya na la mwinuko. Jeti iliyozibwa na kutobolewa upya ni ushahidi ulioandikwa kwa mkono wa fundi kuhusu mahali gari lilipofanya kazi.

Vumbi jekundu nalo huandika. Likiingia kwenye mhimili wa kile kibati cha duara, hula matundu yanayoushikilia, na hewa isiyopimwa huanza kupenya. Fundi anayenunua kabureta ya mtumba hushika mhimili huo na kuutikisa kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Injini ikiwa inawaka, hudondoshea maji ya sabuni pembeni mwa mhimili. Mlio ukibadilika, hewa inavuja. Vilevile huweka uso wa kabureta juu ya kipande cha kioo ili kuona kama umepinda kwa kukazwa kupita kiasi. Kabureta iliyochongwa upya na kuwekewa bushi ya shaba kwenye mhimili ilikuwa na thamani kuliko iliyong'aa nje. Hii ni tathmini ya ubora yenye ngazi na vigezo, ingawa haikuwa na cheti.

Kufika kwa pikapu na herufi E

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizo nazo bila kuulizwa sana zilikotoka, na miongoni mwa vitu vilivyoingia kwa wingi zilikuwamo pikapu. Kwa ukanda wa dhahabu, ambako mali ya kubadilisha na fedha za kigeni ilichimbwa ardhini, ruhusa hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Toyota zenye injini za 2Y na 3Y zikaenea. Injini ya 3Y ina ujazo wa sentimita 1,998 na ndugu yake 4Y ina 2,237, na kabureta zake hubadilishana. Utambuzi ukawa rahisi zaidi kuliko wakati wa Solex, kwa kuwa ukoo ulikuwa mmoja.

Kisha ikaja herufi ndogo iliyobadilisha soko. Katika majina ya injini za Toyota, E ya mwishoni inaonyesha kuwa mafuta yanaingizwa kwa mfumo wa kielektroniki. 4A-F ina kabureta, 4A-FE haina. Magari ya mtumba kutoka Japani yaliyoingia kuanzia miaka ya 1990 yalizidi kuwa na herufi hiyo mwaka hadi mwaka, na mgodi mkubwa ulipofunguliwa mwaka 2000 magari yake ya kazi yalikuwa ya dizeli. Kabureta ikahamia kwenye pikipiki na kwenye pampu ndogo za kutoa maji mashimoni. Huko kanuni ni zilezile za koo na jeti, na kijana anayesafisha kabureta ya bodaboda kando ya barabara ya Kalangalala bado anakabiliwa na mwinuko uleule na, mara nyingi, na waya uleule.

Kabureta za magari ya zamani sasa zinakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwili wake ni aloi ya zinki inayoyeyuka chini ya nyuzi 400 za Sentigredi, kwa hiyo haihitaji tanuri kubwa. Jeti, kwa kuwa ni za shaba, hung'olewa kwanza na kuuzwa peke yake. Yaani sehemu inayoondoka mapema ndiyo ile yenye lehemu na tundu lililotobolewa upya. Mtafiti anayetaka kuchunguza miaka ile 34 kwa njia hii anapaswa kufika kabla ya mizani ya mnunuzi, na kwa kila kabureta aandike namba ya nje, upana halisi wa koo, namba ya jeti pamoja na upana wa tundu kama lilivyo sasa, ulegevu wa mhimili, na idadi ya matundu ya boliti yaliyotobolewa baada ya kiwandani. Matundu hayo ya ziada yahesabiwe kwa uangalifu, kwa kuwa kila jozi ni injini nyingine ambayo kabureta hiyo iliwahi kuihudumia.